Nani alimuua Godwyn? Mifupa na plasta ya Usiku wa Visu Vyeusi

Kwenye kibanda cha gemu cha shemeji yangu hapa Mikindani, mchana ni mpira tu. Watoto wanalipia mechi, wanagombania pedi, wanaondoka. Ikifika saa tatu usiku wanabaki watu wazima wanne au watano, na hapo ndipo Elden Ring inapowekwa. Juzi tulisimamisha mchezo karibu saa nzima. Hatukuwa tumekwama kwa bosi. Tulikuwa tunabishania maelezo ya vazi.

Vazi lenyewe ni la wauaji wa Visu Vyeusi. Chini ya picha yake pameandikwa kwamba waliofanya kazi ya usiku ule, usiku wa kuuawa Godwyn mwana wa malkia, wote walikuwa wanawake, na kwamba inasemekana walikuwa watu wa kabila la Numen, wenye uhusiano wa karibu na Malkia Marika mwenyewe. Mpwa wangu anapata shida na Kiingereza cha gemu hii kwa sababu kimeandikwa kizamani, basi nikamfasiria. Akaruka kutoka kwenye benchi.

“Mjomba, kesi imeisha! Marika kamuua mwanawe!”

“Soma tena. Kuna neno umelirukia.”

“Lipi?”

“Inasemekana.”

Neno hilo moja ndilo lililonifanya niandike makala haya. Tangu gemu hii itoke Februari 25, 2022, wapenzi wake duniani kote wanaulizana nani alimuua Godwyn wa Dhahabu, na kila mwaka nadharia zinazidi kunenepa. Nyingi zinanenepa kwa kuchukua kilichosemekana na kukigeuza kilichothibitishwa. Nataka tuzichambue taratibu, tujue kipi kimo ndani ya gemu na kipi tumekiongeza sisi.

Kwa asiyeijua: Elden Ring imetengenezwa na FromSoftware ya Japani chini ya Hidetaka Miyazaki, na historia ya kale ya ulimwengu wake ilitungwa na George R. R. Martin, mwandishi wa Marekani. Humo ndani hakuna msimulizi anayekukalisha chini akakueleza kisa tangu mwanzo. Historia imetawanywa. Kipande kimo kwenye maelezo ya upanga, kingine kwenye maneno ya mzimu anayenong’ona kwenye magofu, kingine umekifukia mwenyewe mkobani bila kukisoma.

Ukoo wao unachanganya, kwa hiyo nitaueleza kama ambavyo bibi angeueleza barazani. Marika ni malkia na ni mungu. Kwa mume wake wa kwanza, Godfrey, alimzaa Godwyn. Pembeni yuko Radagon, aliyemwoa Rennala, malkia wa wachawi, wakazaa watatu: Radahn, Rykard na Ranni. Kisha Radagon akamwacha Rennala, akawa mume wa pili wa Marika, wakapatikana mapacha Miquella na Malenia. Na baadaye sana unagundua kwamba Radagon na Marika ni mtu mmoja. Ukilikubali hilo, Ranni na Godwyn wanakuwa karibu zaidi ya watoto wa kambo. Hata sisi watu wa Kusini, ambao wengi wetu ukoo tunauhesabu kwa mama, hapo tunatafuta pa kushika.

Godwyn alikuwa kipenzi cha watu. Alimshinda joka wa kale Fortissax vitani, kisha akafanya naye urafiki. Marika alikuwa amekiondoa kifo katika ulimwengu wake, kile ambacho mimi napenda kukiita Kifo Kilichoandikwa, akamkabidhi Maliketh, mnyama-mlinzi anayeitwa kivuli chake, akilinde. Kwa hiyo watu wa ukoo ule hawakupaswa kufa kabisa. Usiku mmoja wa ukungu wa baridi, kipande cha Runi ya Kifo, alama iliyobeba kifo hicho, kikaibwa, kikatiwa kwenye visu kwa tambiko, na Godwyn akawa wa kwanza kufa kati ya nusu-miungu wote. Baada ya hapo Marika akaivunja Elden Ring yenyewe, ile pete inayoshikilia utaratibu wa ulimwengu ule na iliyoipa gemu jina, watoto wakapigania vipande, na dunia ikaharibika kama unavyoikuta unapoanza kucheza.

Kipimo changu kinatoka Lindi

Kilomita kama 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria. Waliochimba hasa walikuwa watu wa huku, mamia yao, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mifupa kichwani, siku kadhaa za mwendo mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mnyama mkubwa kuliko wote aliyetoka pale alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na yuko hadi leo, kimo chake kinapita mita 13.

Sasa, yule mnyama unayemwona amesimama si mnyama mmoja. Sehemu kubwa ni ya mmoja, lakini mkia ni wa mwingine, na pingili nyingi za mgongo na shingo ni za kuumbwa kwa plasta, kwa sababu zile halisi ni nzito na dhaifu mno kuning’inizwa. Hata jina limebadilika. Kwa miongo mingi aliitwa Brachiosaurus, halafu uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ukaonyesha kwamba anatofautiana vya kutosha na ndugu yake wa Marekani, na sasa wengi wanamwita Giraffatitan.

Hakuna aliyedanganya hapo. Ukitaka kumsimamisha mnyama aliyetawanyika lazima ujazie. Kosa ni kusahau wapi ulijazia. Ndiyo maana pale kibandani tumeanza kuzungumza kwa lugha ya mfupa na plasta. Mtu akitoa hoja, wenzake wanamuuliza, “Huo mfupa au plasta?” Na mtu anatakiwa ajibu kwa moyo safi.

Mifupa tuliyonayo

Mfupa wa kwanza na mkubwa kuliko yote: Ranni amekiri. Ukimtumikia anakueleza mwenyewe kwamba aliiba Runi ya Kifo na kuuua mwili wake. Vidole Viwili, wajumbe wa nguvu iliyo juu ya Marika, vilikuwa vimemchagua awe mmoja wa wanaoweza kumrithi malkia, na yeye hakutaka kuongozwa na kitu kile. Mwili ndio uliokuwa umefungwa kwenye uteuzi huo, kwa hiyo akaona auache. Sasa anaishi ndani ya mwanasesere mwenye mikono minne.

Wa pili ni alama ya laana, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo kisa kizima kilipobebwa. Juu ya mnara wa Liurnia, moja ya nchi za gemu hii, kuna maiti iliyoungua. Ni mwili wa Ranni ulioachwa, na juu yake umechorwa mkato unaoitwa jeraha la tandu la nusu-gurudumu. Maelezo yanasema alama hiyo ilipaswa kuwa duara kamili, lakini nusu-miungu wawili walikufa kwa wakati mmoja, duara likakatika katikati. Ranni akafa mwili, roho ikabaki. Godwyn akafa roho, mwili ukabaki.

Mpwa wangu alitoka nje kwenye kibaraza, akainama chini ya taa, akachora duara kwa kidole kwenye vumbi. Akalikata kwa mstari mmoja. Akaandika R upande huu, G upande ule, akakaa kimya akilitazama. Nadhani pale ndipo aliponielewa: haya hayakuwa mauaji ya mtu mmoja yakaharibika. Kifo kimoja kiligawanywa kwa watu wawili.

Kwetu Kusini neno la kukaribia hali ya Godwyn lipo, na vijana walilitamka bila mtu kuwafundisha: ndondocha. Katika simulizi zetu ndondocha ni yule anayeliliwa na kuzikwa, kumbe mwili wake umechukuliwa na unatumikishwa gizani. Godwyn anafanana naye, ila yeye hana bwana wa kumtumikisha. Maiti yake ilizikwa kwenye mizizi ya ule mti mkubwa wa dhahabu na ikaendelea kukua yenyewe. Uso wake unaukuta umevimba chini ya ngome ya Stormveil, mbali sana na kaburi lake, na kutoka mwilini mwake mizizi ya kifo imeenea nchi nzima ikiinua mifupa makaburini. Ndiyo maana ukimwita Godwyn marehemu unakuwa umekosea kidogo, na kosa hilo linazaa nadharia mbovu.

Mfupa wa tatu ni wa Rykard, kaka yake Ranni. Usiku uleule wa njama Ranni alimpa kipande chenye mabaki ya Runi ya Kifo, kiwe kinga yake siku atakapolazimika kupambana na Maliketh. Kwa hiyo walau ndugu mmoja alijua, na alijua kwamba vita inakuja. Huyu Rykard haongelewi vya kutosha. Watu wanakimbilia kwa malkia, wanampita ndugu aliyelipwa usiku wa tukio.

Wa nne ni wale wanawake wenyewe. Kiongozi wao aliitwa Alecto, na kati yao alikuwemo binti yake, Tiche. Tunajua pia kwamba wana asili ya Mji wa Milele, ule uliozikwa chini ya ardhi.

Plasta inaanza wapi

Mpaka hapo maswali mawili yamejibiwa: nani alishika kisu, na nani aliiba kifo kilichotiwa kwenye kisu. Yaliyobaki ni mawili pia, nayo ndiyo yanayotukosesha usingizi. Kwa nini Godwyn? Na mlango ulifunguliwaje? Maana Maliketh hakuwa mlinzi wa kuibiwa kirahisi, na mwana wa dhahabu hakuwa mtu wa kulala bila ulinzi.

Nadharia inayotawala ni ya Marika. Inasema malkia mwenyewe alichoka kutawaliwa na nguvu iliyo juu yake, akaamua kuubomoa utaratibu wote, na kifo cha mwanawe kilikuwa ama bei ama ishara. Ina mifupa, sikatai. Lipo lile vazi. Yapo maneno yake ya zamani, ambayo Melina, msichana anayekuongoza safarini, anayarudia kwenye magofu ya makanisa, na mengine yanaonyesha malkia aliyeanza kuhoji imani aliyoisimika mwenyewe. Na upo mfupa unaoniuma zaidi, wa Maliketh. Anapokuwa hoi anamlalamikia Marika kwamba kwa nini alimhadaa, na maelezo ya kumbukumbu yake yanasema wazi kwamba alisalitiwa na malkia huyo aliyemtaka awe chombo tu cha kufungia kifo.

Hapa wengi wanafunga faili. Mimi nakataa kulifunga, kwa sababu mbili.

Kwanza, usaliti wa Maliketh unaeleweka hata bila mauaji. Malalamiko yake yanagusa kuvunjwa kwa Ring, na hilo Marika alilifanya kweli, nyundo aliyoitumia unaweza kuipata na kupigana nayo. Mlinzi aliyetoa maisha yake kulinda utaratibu, halafu mwenye utaratibu akauvunja kwa mkono wake, ana haki ya kujiona kahadaiwa. Si lazima awe pia alimfungulia mwizi mlango.

Pili, ule ukaribu. Numen ni watu waliotoka nje ya nchi ile, wanaishi miaka mingi na huzaa kwa nadra, na Marika ni mmoja wao. Sasa mtu wa ukoo wako akikamatwa na kisu, je, wewe ndiye uliyemtuma? Nimekulia mtaani ambako nusu ya watu ni ndugu zangu, na nisingependa kuhukumiwa kwa kila wanachofanya. Tena huo ukaribu wenyewe umetanguliwa na “inasemekana”. Mwandishi wa maelezo ya gemu hii hupima maneno. Anapotaka kutuambia kwamba jambo ni hakika, hulisema, kama alivyosema kuhusu wale nusu-miungu wawili waliokufa pamoja. Alipofika kwa malkia akaweka eti. Ile eti ameiweka makusudi, na mimi naiheshimu.

Nadharia ya Miquella ilikuwapo tangu mwanzo, lakini iliota mbawa baada ya nyongeza ya gemu kutoka Juni 21, 2024. Mle tulimwona Miquella akitumia mwili wa Mohg, mtoto mwingine wa Marika na Godfrey, kumrudisha Radahn, na tukamjua kama mtu anayeweza kuvuta mioyo ya watu mpaka wakasahau nafsi zao. Basi watu wakarudi nyuma wakasema: kama aliweza kutumia mwili wa ndugu mmoja, si ajabu aliutaka na wa Godwyn ubaki mtupu. Wazo linavutia, na siku moja nililitetea mpaka taa zikakatika. Leo naona ni plasta karibu yote. Mifupa ya Miquella kuhusu Godwyn inaelekea upande mwingine. Upo upanga wa kumbukumbu uliobeba sala ya mtoto, akimwomba kaka yake afe kifo cha kweli. Na kwenye ngome ya Sol kuna mzimu unaomwomba Miquella radhi kwa kuwa jua halijamezwa, dua hazikutosha, na mwenzake bado hana roho. Yote hayo ni ya baada ya msiba. Ni mtu anayehangaika kumalizia mazishi, au kurudisha kilichotoka. Kumtia hatiani kwa uchungu wake mwenyewe, mimi siwezi.

Wapo pia wanaosema Godwyn alijitoa kwa hiari. Sijaona hata ukucha wa ushahidi, twende mbele.

Nadharia yangu, na naitaja kwa jina lake kwamba ni nadharia, inaanzia kwenye lile duara la kibarazani. Kama tambiko la Ranni lilihitaji roho moja ife ili mwili wake ufe bila roho yake, basi alihitaji mwenza wa kifo, mtu wa damu ya kimungu kama yeye. Swali la “kwa nini Godwyn” linakuwa: kwa nini si ndugu zake wa tumbo moja? Jibu linakuja lenyewe. Rykard alikuwa mshirika. Radahn naye ni mtoto wa Rennala. Upande wa pili wa ukoo kulikuwa na kijana aliye karibu kabisa na kiti cha enzi, mtoto wa mwanamke ambaye mama yake Ranni aliachwa kwa ajili yake. Rennala alivunjika baada ya talaka ile, unamkuta ukumbini kwake amekumbatia yai alilopewa na Radagon. Binti anayeyaona hayo kila siku hahitaji malkia wa kumtuma.

Sehemu ya mfupa hapo ni duara, malipo ya Rykard na hali ya Rennala. Kisasi ni plasta yangu. Ranni mwenyewe hakitaji. Anataja uhuru wake tu, na kwa hiyo yeyote anayetaka kuupinga ujenzi wangu aanze kwa kugonga hapo.

Na kuna mfupa mmoja ambao sijui pa kuuweka, wala sijaona nadharia inayoutosha. Alecto, kiongozi wa wauaji, yuko hai bado. Amefungwa kwenye gereza la duara, yale magereza yasiyo na kuta ambayo unaingia kwa kupiga goti katikati. Gereza lake liko kwenye uwanda wa juu kusini-magharibi ya Liurnia, mahali ambapo hufiki kabisa mpaka uwe umemfuata Ranni karibu hadi mwisho wa safari yake. Kama Ranni ndiye aliyemtuma, kwa nini mjumbe wake amefungwa mlangoni kwake? Na kama aliyemfunga ni Marika kwa hasira ya mama, kwa nini asimfunge karibu na mji wake, ambako angemwona?

Tulimfikia juzi, saa tano usiku. Mpwa wangu alipigwa mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili akamwangusha, na kilichodondoka ni majivu ya Tiche, unayeweza kumwita akupiganie: binti wa yule mwanamke uliyemuua sasa hivi. Kijana aliyaangalia maelezo muda mrefu bila kubonyeza kitu.

“Mjomba,” akasema, “mama na mtoto walitumwa kazi moja. Aliyewatuma alikuwa anawajua nyumbani.”

“Huo mfupa au plasta?”

Akafikiri. Nje, duara lake lilikuwa limeshakanyagwa na watu waliotoka, imebaki nusu ya upande wa G.

“Bado sijui,” akasema, akahifadhi mchezo.